Futa

Shangazi Nsimire, muuza sambaza wa Kadutu,
nilimtungia programu ya madeni:
jina, kiasi, tarehe ya kulipa.
Tarehe ikifika, simu inalia kama kifaranga.

Leo imelia kwa jina la M'Cirhuza.
Futa deni? Ndiyo. Hapana.
"Amezika mtoto juzi," anasema shangazi.
"Hiyo naiandika wapi?"

Sikuwa nimeiwekea mahali.
Nikaanza kumwahidi toleo lijalo;
hakunisikia. Kioo kilijaa magamba,
akakifuta kwa ncha ya kitenge,
akafuta tena, polepole,
mpaka Ndiyo ikaitika.

"Ona," akasema, "kidole kimeteleza."
Akampimia mteja mwingine kikombe,
na matabishi juu yake.
Hayo nayo sikuyawekea mahali.