Ana na Ni

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Ghorofa ya chini, hospitali moja ya Sheffield,
bomba la joto likigugumia nyuma ya kiti,
daktari ananisemea masikioni, nami nachapa.
Hanijui. Anajua tu nukta zake zitafika.

Oktoba, Jumatatu: Bwana Hugo Wetherell,
wakili, nyumba ya Ranmoor, kule juu kwenye miti.
Daktari anakohoa kidogo.
"Ana msongo wa kazi. Ana usingizi wa mang'amung'amu.
Ana mazoea ya mvinyo na chakula cha jioni."
Chupa mbili. Alizitaja haraka,
kama mtu anayepita mbele ya wanaosali.
Apumzike. Apimwe tena baada ya miezi sita.

Faili lililofuata, daktari huyohuyo,
koo sasa limenyooka kama rula:
Craig Staniforth, mfunga majukwaa ya ujenzi, Darnall.
"Ni mlevi."
Nukta.

Nikatazama hesabu za damu.
Ini la Darnall, mia tatu na tisa.
Ini la Ranmoor, mia tatu na kumi na mbili.

Hapo lugha ya mama ikanifinya.
Tajiri *ana*. Hata maradhi anayamiliki,
kama gari; akichoka nayo atayauza.
Maskini *ni*.
Na *ni* haina nafsi, haina wakati,
huwezi kuitua chini ukapumua.

Kidole kikasita juu ya kitufe cha kufuta.
Nikaandika "ana". Nikasoma.
Nikarudisha "ni".
Nina kodi ya nyumba, na kibali changu kinaisha Juni.

Neno lilimtangulia Staniforth kila alikokwenda:
kazini, ambako hawakumtaka tena juu ya vyuma;
kwa mama wa ustawi wa jamii, aliyefungua friji
akahesabu mayai.
Likamfikisha pia, nisilifiche hili,
kwenye chumba nyuma ya kanisa, Alhamisi jioni,
viti vya plastiki, chai nzito,
watu kumi na mmoja wanaotaja majina yao.

Barua ya Wetherell haikumpeleka popote.
Ilikunjwa kwa heshima.

Machi, sauti ileile, safari hii polepole:
"Nasikitika kukuarifu." Ini lilikuwa limegoma.
Sababu sikuisikia. Nikairudia rekodi mara tatu.
Pale pa sababu palikuwa na kikohozi.

Jana nilipita kwenye foleni ya damu.
Jina likaitwa, Staniforth,
akasimama mtu mwembamba, kofia mkononi,
miezi mitano hajaonja, nimeichapa mwenyewe.
Muuguzi akamsogelea,
akanusa kwanza,
ndipo akamwambia habari za asubuhi.