Chupa za Nyanzala

Kanda ya kwanza nimeiita Meza Kuu,
kwa kuwa redio kaseti iliwekwa pale, kwa mgeni rasmi,
kati ya sahani ya mishikaki na kofia yake.
Humo Byarugaba anapiga solo kama anayedai deni,
tarumbeta linamjibu kwa jeuri,
mgeni rasmi anakohoa mara tisa, nimehesabu,
na Bujiku, kaka yangu, hayumo.
Yaani yumo. Ukijua pa kutega sikio
utasikia mtu anasogeza kabati nyumba ya jirani.

Kanda ya pili ni ya mafundi wa redio,
waliokuja na nyaya zao na suruali zilizonyooshwa pasi.
Walichomeka waya moja kwa moja kwenye gitaa lake.
Sauti haikupita kwenye spika, haikupita hewani,
haikumgusa mtu.
Kila noti ipo. Naweza kuziokota moja moja
kama dagaa walioanikwa juu ya mwamba kule Igombe,
safi, wakavu, macho wazi.
Niliwapigia wajukuu zake, wakasema babu alikuwa fundi.
Ndiyo.
Lakini dagaa si ziwa.

Maana besi ya Bujiku haikuwa ya masikio.
Ukiingia ukumbini Kirumba ilikupokea magotini,
ikapanda, ikatulia chini ya kitovu,
na asiyejua kucheza akashangaa bega lake limeshatangulia.
Spika aliiunda mwenyewe, kwa mbao za kasha
lililoleta vipuri vya reli.
Umeme ulipopungua, saa tatu tatu hivi za usiku,
sauti ilinenepa, ikachafuka pembeni,
ikapata mkwaruzo wa mtu mzima anayesafisha koo
kabla ya kusema jambo asilotaka kulisema.
Wenzake waliulaani umeme.
Yeye alirudi nyuma hatua moja, karibu na spika, akafumba macho.
Mama alimpa jina la usiku kwa sababu alizaliwa usiku.
Nadhani hakumaliza kuzaliwa.

Kanda ya tatu aliirekodi Nyanzala, mwenye baa,
bila kukusudia. Alikuwa stoo anajaribu
kama kinasa sauti kilichotoka kwa fundi kimepona,
mteja akaita, akakiacha juu ya kreti za bia.
Ukuta umewameza waimbaji. Solo imekuwa mbu.
Unamsikia Nyanzala akidai chenji,
"Bado yangu ishirini, Lusato, usinichezee,"
halafu, kila Bujiku anaposhukia ile noti ya chini,
chupa tupu zinatetemeka.
Si zote. Kreti moja, nahisi ya chini kabisa.
Krrr. Kimya. Krrr, krrr.

Hapo niliketi sakafuni.
Miaka kumi na minne tangu tumzike Nyegezi
na chupa bado zinamwitikia.

Jana kijana wa studio, Lubango,
aliiingiza kanda kwenye kompyuta yake,
akanionyesha kwa kidole mstari wa kijani:
"Mama, huu mtetemo ni kelele. Niutoe?"
Akabonyeza, kunionjesha tu.
Chupa zikanyamaza,
na besi, nakuapia, ikaondoka nazo.
Ikabaki baa isiyo na watu na mwanamke anayedai ishirini.

"Rudisha."
"Haitakuwa safi, mama."
"Rudisha. Na hiyo spika yako ishushe mezani, iweke chini."

Akaishusha. Akaongeza sauti kidogo,
akaniangalia, akaongeza tena.
Kikombe chake cha chai kilikuwa pale pembeni, nusu,
na uso wa chai ukaanza kujikunja,
mduara ndani ya mduara,
ukatulia, ukajikunja.
Lubango alinyoosha mkono akakishika kikombe kisimwagike.
Kisha akakiachia.