Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Łódź, ukilifasiri jina, ni mashua,
na mji hauna bahari, wala mto wa kuloweka kidole.
Viwanda vya matofali mekundu ndivyo vilivyousukuma;
tangu vizimwe, umepwelewa.

Nasoma sosholojia, shahada ya pili, mwaka wa pili,
ghorofa ya tatu, chumba ambacho kipasha joto chake
hugonga usiku kucha kama mgeni asiyejua kuaga.
Nina majedwali. Nina kalamu za rangi sita:
manjano ni ujira, kijani ni uzazi,
waridi nimeipa hisia,
nayo inakauka upesi kuliko zote.

Bi Wiesława Kmiecik alifuma miaka thelathini na miwili.
Kwenye karatasi zangu haitwi hivyo.
Kwenye karatasi zangu ni kumi na nne:
mwanamke, mjane, mstaafu, elimu ya msingi.
Alinipakulia supu ya bitiruti,
akauliza kabla sijawasha kinasa sauti:
"Unalipwa?"
Kidogo.
"Kwa saa au kwa mita?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akaeleza.
Kwamba ngurumo za mitambo zilikuwa nene
hata wakazoea kusemezana kwa midomo mitupu,
na mpaka leo, kanisani,
huwasoma wasengenyaji wa safu ya mbele wakigeuka.
Kwamba vumbi la pamba lilitua kooni, theluji isiyoyeyuka.
Kwamba siku ya kufungwa lango
waligawiwa taulo, mbili kwa kila mtu,
na zake zimo kabatini, zimekunjwa vilevile,
hazijawahi kufuta uso wa yeyote.
"Ile aibu," alisema,
akanyamaza.

Kinasa sauti kikaendelea kuunasa ukimya,
dakika moja na sekunde kumi na moja.
Nimeupima. Sijui niutie rangi gani.

Profesa Szczerba ameizungushia duara "aibu",
pembeni ameandika: *dhana ya nani?*
Nimelibeba swali hilo kwenye tramu, nalo halikushuka.
Ya Bi Wiesława, nataka kujibu, kaifuma mwenyewe.
Lakini tanbihi hudai mwaka na mchapishaji,
naye hakuchapisha kitu, isipokuwa mashuka
ambayo pengine Profesa alizaliwa juu yake.

Nilirudi na fomu ya ridhaa, na keki ya mbegu za mpopi.
Akaisoma mara mbili, miwani kwenye ncha ya pua.
*Jina lako litafichwa.*
"Nani kawaambia nataka kufichwa?
Kule kiwandani nilikuwa namba, ilishonwa hapa,"
akagusa kifua, "mia nne na sita.
Nawe umekuja mwendo wote huu, na keki,
kunishusha hadi kumi na nne?"

Nikaanza: kamati ya maadili, madhara, ulinzi wa mhojiwa.
Alinisikiliza mpaka mwisho
akinitazama midomo tu,
kama kwamba mitambo ingali inanguruma.
Halafu akaichukua kalamu yangu ya waridi
akaandika jina lake juu ya mstari,
kisha chini ya mstari,
kisha pembezoni, herufi kubwa,
mpaka wino ukamwishia kwenye K ya mwisho,
akaikamilisha kwa kucha.

Kamati itakutana Alhamisi. Nimewaandikia kurasa tatu
na sidhani watavuka ya kwanza.
Mtande ni wao, mshindio ni wangu,
na nguo, sijui, nguo ni ya nani.

Sura ya nne nimeifuta namba.
Mahali pake nimeacha pengo,
upana wa herufi kumi na tano.
Jana kwenye semina nilisoma kwa sauti,
wenzangu saba, kahawa baridi, dirisha lenye ukungu,
na nilipofika penye pengo
midomo yangu ilitamka, sauti haikutoka.

Profesa akainua kichwa.
"Sikusikia," akasema. "Rudia."

Nikarudia vilevile.