Daftari la Geti

Jumanne, saa mbili asubuhi, chumba namba tisa.
Mvua ya Aprili inapenya dirisha lisilofungika,
viti kumi na saba, wanafunzi thelathini.
Naandika ubaoni: UTENDAJI.
Chaki inakatika kwenye J.

Nawaambia, leo hakuna kuigiza.
Hakuna mfalme, hakuna mlevi wa kuyumbayumba,
hakuna mama mkwe wa kushika kiuno.
Fanya jambo moja. Lifanye kweli.
Sisi tutalitazama mpaka ligeuke.
"Ligeuke nini, mwalimu?" anauliza Wakesho.
Ningejua, ningekuwa nimeshakiandika kitabu.

Kerubo alichambua mchele, punje kwa punje,
dakika arobaini. Tulicheka kwanza,
kisha tukachoka,
kisha mtu nyuma kule akaanza kulia
na hatukumuuliza.
Odindo alijifunga kamba, akasahau fundo;
tulimfungua kwa kisu cha kantini.
Nadharia yasema mwili ni ghala la kumbukumbu.
Odindo, akisugua viganja,
alisema wake ni ghala la njaa,
nami nikalinukuu hilo pembeni mwa karatasi,
kwa wino mwekundu, bila kumpa chai.

Na Muthengi hulala.
Kila kipindi, kidevu kifuani.
Nilishamwandika mvivu
kabla ya kusikia kwamba usiku ni soja
kwenye fleti fulani Kileleshwa,
na kwamba huja chuoni kwa miguu,
umande wa getini bado umo kwenye viatu.

Siku ya mtihani
alifika mtahini wa nje, tai na mwavuli.
Mlangoni pa ukumbi, meza.
Juu ya meza, daftari la mistari ya rula,
kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia.
Muthengi, koti la buluu, filimbi shingoni:
"Jina. Kitambulisho. Unatoka wapi.
Unamwona nani. Saa."
Tukaandika. Nani mjini hapa hajui kuandika vile,
jicho moja kwenye simu,
hati ya kuku, namba ya kubuni?

Tukaketi. Jukwaa tupu, taa moja.
Dakika tano. Kumi. Mtahini akakohoa.
Ishirini. "Huyu kijana ataanza lini?"

Muthengi akaingia na daftari,
akasimama pale taa isipofika,
akasoma kwa sauti ya getini, isiyotiwa chumvi:

Saa nane na dakika tatu. Mgeni mwenye mwavuli.
Anatoka: kazini. Anamwona: mwanafunzi.
Hakunitazama.
Saa nane na nne. Kitambulisho cha tarakimu tano.
Hakunitazama.
Saa nane na saba. Ameuliza kama nimekula.
Nimesema nimekula.
Saa nane na tisa. Mwalimu wangu, mwaka wa tatu huu.
Anamwona:
hapa ameacha wazi.

Akafunga daftari. Akatoka.
Hakuna aliyejua pa kupigia makofi.

Ofisini mtahini aliuliza, mgogoro uko wapi?
Msuko uko wapi? Na mhusika mkuu?
Nikamjibu kwa maneno makubwa,
yale ninayolipwa kuyatumia,
hadi stima zikapotea tukabishana gizani.
Nilitoa sabini na mbili, yeye hamsini na nane.
Karani akajumlisha, akagawa kwa mbili.

Jioni ile, South B, kwenye geti la kwetu,
mzee wa zamu alinisogezea daftari kama kila siku.
Kwa mara ya kwanza nikamuuliza jina.
Akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia:
"Kwani nimekosa nini, madam?"

Sikuwa na jibu la darasani wala la nyumbani.
Nikainama kuandika. Kalamu haikuwa na wino.
Nikalikwaruza jina langu hivyo hivyo,
herufi zote, polepole,
na yeye, akishikilia tochi,
akaniangalia hadi nilipomaliza.