Wapangaji Sitini na Wanane

Fundi Mshamu wa Gerezani alinipa sumaku
aliyoing'oa kwenye mota ya bajaji ya umeme.
"Imechoka hii. Haishiki hata msumari."
Akaifuta grisi kwa shati, akaiweka kiganjani mwangu
kama anayerudisha chenji.

Iko hapa Changanyikeni, kando ya kompyuta.
Ndani yake, fundi, mna nyumba ya kupanga,
ndogo kuliko chochote ulichokishika kwa koleo:
wapangaji sitini na wanane.
Chuma hamsini na sita, wenye misuli, wenye kelele.
Boroni wanne, hawasemi, wanashikilia kuta.
Na neodimi wanane. Hao ndio wakaidi,
hao ndio wanaowaambia wenzao: tunatazama huku.

Wote wakatazama huku.
Basi, ndiyo sumaku. Hamna uganga.

Ila joto.
Februari, kilima cha Kimara, abiria watatu na gunia la mchele,
mota inachemka,
mmoja anageuza shingo, na jirani yake,
halafu mtaa mzima hauelewani kibla.

Kwa hiyo usiku nahamisha watu.
Namtoa neodimi, namwingiza seri,
wa bei nafuu, asiye na msimamo;
mahali pa chuma mmoja najaribu kobalti.
Disprosi angelivumilia joto, lakini bei yake
hatuiwezi, wewe wala mimi.
Kila nikihamisha naiuliza hesabu: watakaa?
Feni inavuma. Jibu linakuja tarakimu moja moja,
kama mtu anayelipa deni asilolitaka.

Juzi, saa tisa usiku, zilibaki hatua mbili.
Umeme ukakatika.
Nikakaa gizani na sumaku yako mkononi,
baridi, haivuti kitu,
nikacheka peke yangu:
wapangaji wangu wote wamelala nje.

Bibi yangu kule Songwe analima maharage
juu ya mwamba ambao wageni huja kuupima.
Yeye anaujua kwa majembe uliyomvunjia.

Nimeanza upya. Sijui kama watakaa.
Wakikaa, na tanuri likikubali nilichokubaliwa na hesabu,
sitakuletea karatasi, fundi.
Nitakuletea kipande kama punje ya muhindi.
Usikitie mfuko mmoja na funguo:
utachelewa kufungua duka.