Makosa ya Aliyebaki

Zabibu za Hombolo zilimwagika lami nzima,
na kabla jua halijazikausha
tulikwisha kuikalia kesi.

Ndahani yuko wodini, mguu umetundikwa kwa kamba na jiwe.
Hajui kwamba hapa njia panda ya Ihumwa
anahukumiwa kila asubuhi,
chai ya kwanza hadi ya pili.

Mpika chapati anasema hakuwa na taa.
Taa ya nini, anasema muuza vocha, kulikwisha pambazuka,
shida ni shati: nani huvaa shati la rangi ya lami
akaingia nalo barabarani?
Vijana wa bodaboda, saba kwa kofia moja iliyopasuka,
wanauliza kofia yake ngumu ilikuwa wapi.
Na Mama Perisi, kwa ile sauti ya huruma
inayouma kuliko zote:
"Maskini. Lakini kreti tatu, jamani!
Mbili hazikumtosha?"

Mwalimu mstaafu alichora barabara vumbini kwa kijiti,
akaonyesha pale Ndahani alipopaswa kupita.
Kizibo cha soda kikawa Ndahani.
Kwa gari hakuweka kitu,
kidole tu, kikapita.

Gari?
Jeupe, alisema mmoja. La fedha, akasema mwingine.
Lilikuwa dogo. Lilikuwa la wakubwa, vioo vyeusi.
Namba ilianza na T.
Mtu akanong'ona: au S.
Hapo tukanywa chai.

Trafiki alikuja na futi ya utepe,
akapima toka kandambili hadi baiskeli,
toka baiskeli hadi damu, akaandika.
Toka damu hadi lile gari
hakuna futi inayofika.

Baiskeli wakaniletea mimi, kwa kuwa ndiye fundi.
Imeegemea ukuta wa kibanda, na watu wanapita
kuitazama kama wanaaga maiti.
Wanaminya breki. "Unaona? Haishiki."
Wanatafuta kengele, hakuna. Wanatikisa vichwa.
Kisha kila mtu anapanda baiskeli yake
na kosa la Ndahani shingoni kama hirizi:
mimi nina kengele,
mimi hubeba mbili.

Breki hiyo niliifunga mimi.
Jumanne, kwa raba niliyokata kwenye tairi kuukuu,
maana mpya ni elfu tatu naye alikuwa na elfu moja,
na hiyo moja ilikuwa na jasho.
Nikamwambia, itakufikisha mwisho wa mavuno.
Nikaipiga grisi, nikaipulizia, nikamsukuma mgongoni aende.

Na jambo jingine nalijua, nalo silisemi.
Gurudumu la mbele ni zima, linazunguka bila kuyumba.
La nyuma limejikunja kama namba nane,
karia imekunjamana hadi chini ya kiti.
Alifuatwa.
Alikuwa pembeni, kwenye mchanga,
na hakuna breki duniani
inayomsimamisha aliye nyuma yako.

Ningeweza kuyasema haya katikati ya chai.
Lakini anayefungua mdomo juu ya karia
ataulizwa juu ya breki,
basi nanyamaza, nashika spana,
nakaza nati ambayo haijalegea.

Jumapili nilikwenda hospitali na machungwa manne.
Yule mgonjwa wa kitanda cha pili akasogeza miguu, nikakaa.
"Mbukwenyi, fundi," akasema Ndahani,
midomo imekauka, jicho moja halijafunguka.
Nikaitikia. Nikameza mate. Nikasema, Ndahani,
ile breki...

"Najua," akanikata. "Nisamehe.
Nimeiharibu kazi yako."

Nikachukua chungwa, nikalimenya.
Ganda lilitoka refu, moja, halikukatika,
likafika sakafuni,
na bado sikuwa nimesema kitu.