Dirisha la Sikudhani

Saa nne na robo asubuhi, Gerezani,
dirisha nililoliandika mimi liliganda.
Kwanza likapauka, kama shati la shule
lililosahaulika kambani,
kisha juu, pembeni, likatokea neno moja: Haijibu.

Sikudhani akabofya. Akabofya tena.
Akabofya mara saba, kama anayegonga mlango wa mdeni
akijua fika kwamba yumo ndani.
Mbele yake fundi wa Buguruni, beringi iliyokufa mkononi,
nyuma ya fundi watu sita,
nyuma ya sita, jua.

Akanipigia. "Kibwana, kitu chako kimezimia."
Hakijazimia, nikasema. Kinafikiri.
"Basi kifikiri huku kinanitazama."

Nikaenda. Nikakalia kreti la pedi za breki
na sikuitazama mashine. Nilimtazama yeye.

Mteja anataka shokapu ya mbele, kushoto.
Sikudhani hainuki. Anaita bila kugeuza shingo:
"Shomvi! Shokapu, kushoto, stoo ya pili!"
Shomvi anamezwa na giza la makopo ya oili,
naye yupo palepale:
inakuja, kaa hapo penye feni;
chenji yako hii, hesabu;
plagi hizo ziliisha jana, usinichoshe;
wee mtoto, shuka kwenye tairi.

Na Shomvi akirudi haruki kaunta,
hamsukumii mtu boksi kifuani.
Analiweka kwenye ubao, anasema "tayari",
anangoja.
Sikudhani akipata upenyo ndiye anayekabidhi.
Mkono unaogusa mteja ni mmoja.

Na mimi je, mtu wa mbele nilimfanyaje?
Nilimpa funguo za stoo, nikamtuma yeye mwenyewe
akahesabu vipuri elfu arobaini na mbili, kimoja kimoja,
kaunta tupu,
kiti kinazunguka peke yake.
Nani angejibu?

Usiku, Tabata, feni inakohoa,
nikafumua kazi yangu pindo kwa pindo.
Uzi mmoja ulikuwa unashona kila kitu:
kitufe, orodha, bei, safari ya kwenda seva na kurudi.
Nikaukata.
Uzi wa mbele nikauachia kupokea tu.
Wa nyuma uende stoo, ulete hamsini hamsini,
za kwanza zionekane kabla za mwisho hazijaamka.
Nikaweka na kitufe cha "Acha", maana mteja hughairi,
na Shomvi huitwa arudi
akiwa katikati ya ngazi.

Saa nane uzi wa nyuma ukajitia ujuzi,
ukataka kuandika bei dirishani kwa mkono wake.
Programu ikaanguka chali.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.
Boksi kifuani.

Ijumaa Sikudhani aliandika herufi tatu, b, e, r,
na mistari ikaanza kuja, mmojammoja kisha makundi,
naye tayari anafuta, anaandika nyingine,
anafungua risiti, anaifunga, anapiga soga.
Hakusema ahsante. Hakujua kuna la kushukuru.
Sekunde tisa ni tisa zilezile,
sikupunguza hata moja, mtandao ni uleule wa kuvizia,
ila sasa ndani ya hizo tisa kuna mtu.

Jambo moja sijamwambia.
Ule mstari wa kijani unaotambaa chini
nimeufundisha uongo mdogo:
ukifika tisini unapunguza mwendo, unajikongoja,
usionekane umesimama.
Nimeuokota kwake,
siku aliyomwambia fundi wa Buguruni "yuko njiani, huyooo,"
na Shomvi nilimwona kwa macho yangu, ng'ambo ya barabara,
anapuliza chai.